Kasha la Funguo Mbili

Gitega, Jumanne 16 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo saa tisa alasiri, na mume wangu amemwelekezea Elias bunduki.

Nimeiandika sentensi hiyo kwanza ili nisipate nafasi ya kuizungushia maneno. Sasa naeleza.

Elias ndiye mlinzi wa lango letu. Hapa mjini mtu wa kazi hiyo huitwa zamu. Ni mtu wa Butihinda, kule Muyinga, aliyelelewa kambini Tanzania na kurudi akiwa mtu mzima. Mvua ilianza kwa mawe. Mawe yakipiga mabati yetu, watu hawasikilizani hata wakikaa meza moja. Elias anajua kwamba paa la ukumbini huvuja, kwa hiyo aliingia na beseni bila kubisha hodi, kama afanyavyo kila mwaka. Nurmohamed akatoka chumbani na bunduki ya marehemu baba yake, ile ya mitutu miwili iliyokuwa ya kuwindia kanga, akamwelekezea kifuani kwa umbali wa hatua nne. Akasema, "Dukani kwangu hamwingii tena."

Duka liko mbali na nyumba, na Kabir, mwanetu, ndiye aliyekuwa huko akiuza misumari. Lakini mwaka ule wa vita duka hilo lilivunjwa mchana, huku risasi zikipiga mabati. Leo Nurmohamed alisikia mabati, akarudi mwaka ule.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, nimenyamazisha madarasa ya watoto sitini kwa kuwatazama tu, na leo nilikosa hata silabi moja.

Elias aliliweka beseni chini polepole, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu Nurmohamed, na mitutu ikashuka yenyewe, kwa sababu mtu wa malezi yake hawezi kuitikia salamu huku akiwa amemlenga anayemsalimu. Kisha akamwambia Elias asogeze beseni kushoto kidogo, maana tone lilikuwa linaangukia zulia.

Bunduki ilikuwa na risasi mbili. Nilizitoa mwenyewe.

Jumatano 17 Septemba

Hakumbuki. Au anakumbuka na hasemi. Asubuhi ameuliza kwa nini Elias hajaja kunywa chai. Elias amekuja, amekunywa, ameomba sukari zaidi.

Kwa miaka sita nimekuwa nikimsifu Elias kwa jambo moja tu, kwamba husema "lango limefungwa" wala si "lango iko imefungwa". Nimekuwa nikimsifu kwa jambo dogo.

Alhamisi 18 Septemba

Nimezungumza na Kabir dukani, baba yake akiwa msikitini.

"Mama, niachie mimi," alisema. "Nitaichukua, niipeleke polisi, tumwambie imeibiwa."

Nikakataa.

"Basi nimwite fundi aitoe sindano ya ndani. Baba abaki na chuma kitupu. Hatajua."

Nikakataa tena. Nurmohamed ana kibali halali, na kila mwaka hukipeleka kikaguliwe, amevaa koti, kama mtu anayekwenda harusini. Tumeoana miaka arobaini na tisa, hajawahi kuniambia neno lisilo kweli. Kichwa chake kinamwacha kidogo kidogo, naye anajua kwamba kinamwacha. Tukianza kumdanganya sasa, atabaki na nini cha kushika?

"Na akimpiga mtu?" Kabir aliuliza.

"Ndiyo maana itafungiwa. Itafungiwa mahali asipoweza kufungua peke yake, na yeye mwenyewe ajue hivyo."

"Mama, kofre ya namna hiyo haiuzwi popote."

"Kofre ni neno la Wafaransa," nilimwambia. "Tafuta kasha."

Jioni nimemweleza Nurmohamed kwamba bunduki iko ndani ya sanduku langu la bati, lile la vitabu vya shule, na kwamba nina ufunguo wa kufuli lake shingoni, mpaka tupate kasha la chuma la kufaa. Hakukasirika. Alicheka.

"Na wewe, Mwalimu, unajua nini kuhusu makasha? Nimeyauza miaka arobaini. Nitakuchagulia mimi."

Nilikwenda jikoni kupima mchele ambao ulikuwa umekwisha kupimwa.

Jumanne 23 Septemba

Leo tumekwenda dukani, sisi watatu. Namwandika mume wangu kama nilivyomwona, ili siku za giza zikifika nisome hapa.

Kabir alikuwa na makasha matatu. Nurmohamed aliyapita kama daktari anayepita vitandani. La kwanza aliligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Kopo la maziwa," akasema. La pili ni kubwa, la kuwekea pesa za duka, lakini ni fupi. Bunduki ingebidi ikunjwe kama mwavuli. Alinionyesha bawaba zake. "Tazama bawaba kwanza, Mwalimu. Zikiwa nje, mwizi hana haja ya kugusa kitasa. Atakata pini, atauvuta mlango kwa upande wa pili. Kisha tazama kama kuna matundu ya kulifunga ukutani. Kasha lisilofungwa ukutani ni mzigo uliokwisha kufungashwa kwa ajili ya mwizi."

La tatu lilikuwa refu, jembamba, jeusi, lenye vitufe vya namba. Kabir alitufungulia. Nililipenda: ni safi, halina ufunguo wa kupotea, na namba angeijua Kabir peke yake.

"Nne, saba, moja, tisa," Nurmohamed akasema.

Kabir akageuka. "Baba, umeonaje? Nilikuwa nimekupa mgongo."

"Sikuona. Nimeuza vitu vya namba maisha yangu yote. Kila kitufe hulia kwa namna yake."

Wiki hii amesahau mara mbili jina la mjukuu wetu. Namba hasahau. Kasha la namba limeondoka, na Kabir na mimi hatukuweza kutazamana.

Jumamosi 27 Septemba

Mvua nyepesi. Hakuna jambo.

Alhamisi 2 Oktoba

Mvua. Nurmohamed alisimama ukumbini akiyasikiliza mabati mpaka ikaisha.

Elias amenijia baadaye. "Mama Mwalimu, mkitafuta fundi wa chuma, yupo mmoja Muyinga, anaitwa Anatoli. Alitengeneza kasha la vyombo vya kanisa letu Butihinda. Wezi walikaa nalo muda mrefu, wakaliacha. Walivunja ukuta, kasha halikufunguka."

"Anasema Kiswahili?"

"Anasema cha hapa kwetu," Elias akajibu kwa adabu, na nikaelewa kwamba ananionya.

Jumanne 7 Oktoba

Nimeandika maagizo kwa Anatoli. Elias anakwenda kwao kesho, atayapeleka mkono kwa mkono. Nanakili hapa:

"Kasha liwe na urefu wa mita moja na robo. Bati liwe nene, la milimita nne. Bawaba ziwe ndani. Pawe na matundu manne ya kulifunga ukutani. Ndani pawe na kisanduku kidogo cha risasi chenye kufuli lake, ili risasi na bunduki visilale pamoja. Kasha liwe na funguo mbili."

Nilimsomea Nurmohamed. Alisema maagizo yote ni sahihi, na akaongeza kwamba ndani litandikwe blanketi, kwa kuwa chuma kikikaa juu ya chuma msimu wa mvua hupata kutu.

Funguo mbili nilizitaka kwa sababu hii: mmoja nikae nao mimi, mwingine akae nao Kabir dukani, iwapo nitakufa kwanza.

Jumapili 12 Oktoba

Nimerudi kutoka kwa jirani nikamkuta Nurmohamed amekaa sakafuni kando ya sanduku langu, na bisibisi mkononi. Skrubu moja ya bawaba ilikuwa imekwisha kutoka.

"Nilikwambia," akasema. "Bawaba ziko nje. Mtu yeyote anaweza."

Alikuwa ananifundisha, au alikuwa anafungua?  Aliirudisha skrubu mwenyewe, akaikaza vizuri, akanipa bisibisi kwa upande wa mpini.

Jumatatu 13 Oktoba

Mvua. Sikutoka nyumbani.

Jumanne 21 Oktoba

Nimekwenda Muyinga. Kabir alipata mafuta baada ya kupanga foleni siku mbili, akasema safari ni leo au haipo. Tulipitia Karuzi. Maharage yamechipua kila mahali, na kila kilima kimelimwa mpaka kileleni.

Karakana ya Anatoli ni banda la mabati nyuma ya soko. Nilitarajia mtu mkubwa. Ni mwembamba, ana kovu la moto shavuni, na miwani ya kuchomelea aliisukuma kwenye paji la uso ili kunisalimu vizuri.

"Karibu sana, Mama. Mi njo Anatoli. Kasha yako iko hapa, lakini bado. Courant inakuja saa moja, inaenda siku mbili. Jenereta iko, mafuta haiko."

Nilihesabu makosa manne nikaacha kuhesabu, kwa sababu nilikuwa nimeliona kasha. Lilikuwa limelala juu ya matofali, bila mlango. Nilipitisha kidole kwenye pembe ya ndani, mahali ambapo hakuna mtu atakayetazama kamwe. Palikuwa laini kama ukingo wa sahani. Nilimuuliza kwa nini ameisugua pembe isiyoonekana.

"Utaweka mkono hapo siku moja, Mama. Mkono haina macho."

Alikuwa amesugua kwa tupa, kwa mkono, siku zote ambazo umeme haukuwapo. Fundi mwingine angelala. Nilimwuliza mlango utakuwa tayari lini.

"Mungu akipenda, na Regideso akipenda," alisema, akimaanisha watu wa umeme, na Kabir akacheka.

"Fanya haraka," nikamwambia. "Mvua kubwa inakuja."

Alinitazama. "Ego, ndiyo, Mama. Elias alinielezea. Mzee wangu mi pia alikuwa hivyo, mbele ya kufa. Alikuwa na panga tu, si bunduki. Tulikuwa tunaificha kila siku, na kila siku alikuwa anatuuliza, mnanificha nini? Hiyo njo iliuma. Si panga."



Alhamisi 30 Oktoba

Anatoli amepiga simu. Mlango umekwisha, funguo bado.

Alhamisi 6 Novemba

Leo nimemdanganya.

Saa nane mchana mbingu ilifunga, na kabla ya saa tisa mawe yalianza. Nurmohamed aliamka kutoka kitini kama kijana. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akaligusa kufuli, akaniambia, kwa sauti ya utulivu kabisa, "Nargis, wako barabarani. Nipe ufunguo."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, chini ya nguo. Nilimwambia, "Anao Kabir dukani."

Aliniamini. Hilo ndilo ninaloandika. Aliniamini mara moja, kama alivyoniamini siku zote, akasema, "Kabir yuko peke yake huko," akaanza kuvaa viatu ili atoke katika mvua ile ya mawe kwenda kumwokoa mwanawe. Elias na mimi tulimzuia mlangoni, kila mmoja kwa mkono wake mmoja, mpaka mvua ilipokatika. Alilia kwa kuwa tulimzuia asimfikie Kabir, na aliyemzulia hatari hiyo ni mimi, kwa sentensi ya maneno matatu.

Baadaye aliomba radhi kwa Elias kwa kumchafulia shati. Kwangu hakuomba kitu, wala hakukumbuka.

Nilidhani ninamlinda asidanganywe. Sanduku lenye ufunguo mmoja hunifanya niwe mlinzi wa gereza, na mlinzi wa gereza husema lolote.

Ijumaa 7 Novemba

Nimempigia Anatoli mara tatu.

Ijumaa 14 Novemba

Kasha limefika, juu ya lori la mchele, na Anatoli mwenyewe amekaa juu yake.

Watu wanne walilibeba mpaka ukumbini. Amelipaka rangi ya kijani kibichi iliyokolea. Mlango unafungwa kwa uzito wake wenyewe, bila kishindo. Nurmohamed aliligonga, akasikiliza, akaligonga tena, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hili si kopo," akasema. Akatafuta bawaba kwa vidole asizione. "Zimekaa ndani. Safi."

Kisha nikaona matundu mawili ya ufunguo, moja juu na moja chini.

"Hili la pili ni la nini?" nikauliza.

"Ni ya funguo ya pili, Mama."

"Nionyeshe."

Alitoa mfukoni funguo mbili zisizofanana, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Alitia mrefu juu, akauzungusha. Mpini wa mlango haukusogea. Alitia mfupi chini, akauzungusha; mpini ukashuka. Akaeleza kwa fahari kwamba hakuna hata mmoja unaofungua peke yake, na kwamba kwa hiyo kazi iliongezeka wiki mbili.

Wiki mbili. Niliwaza tarehe sita, siku niliyomdanganya.

Nilimsema. Sitaandika yote. Nilimwambia kwamba "funguo" ni wingi wa "ufunguo", kwamba niliandika funguo mbili, si vitasa viwili, kwamba mtoto wa darasa la tatu angeelewa, na kwamba kwa kutojua ngeli ya maneno amenicheleweshea jambo asilojua uzito wake. Kabir alikuwa anatazama viatu vyake.

Anatoli alisubiri nimalize.

"Mama, barua yako nilisoma mara nyingi sana. Hapa kwetu, ukisema mlango iko na funguo, maana yake iko na mahali ya kufungia. Mlango ya funguo mbili, inafungwa mara mbili. Ile ingine, ya kutoa ya pili ifanane na ya kwanza, tunaita duble. Ungesema duble, ningekupa duble. Mi nilisema, huyu mama ni mwalimu, anajua kile anataka. Na nilijua shida ya nyumba. Nikaona, kweli, huyu mama ana akili. Mmoja atashika hii, mwingine ile, hapana mtu ataficha mtu."

Niliirudia barua yangu kichwani neno kwa neno. Haikuwa na kosa. Na yeye pia, kwa lugha ya watu wake, hakuwa na kosa.

 Nurmohamed alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho. "Miaka hamsini nasubiri siku hii," alimwambia Anatoli. "Mtu amemshinda Mwalimu kwa sarufi."

Kisha akaacha kucheka. Akachukua funguo zote mbili, akazipima mkononi, kama anavyopima kila kitu. Ule mrefu akautia mfukoni. Kabir akanyoosha mkono apokee wa pili.

"Hapana," baba yake akamwambia. "Wewe utanihurumia. Huu ni wa Mwalimu. Yeye hajawahi kumwongezea mtu alama kwa huruma."

Akaniwekea ufunguo mfupi kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

Anajua, basi. Amekuwa akijua. Tulikuwa tunamchagulia kasha, naye alikuwa anachagua nani atamzuia.

Jumamosi 15 Novemba

Anatoli amelala kwa Elias na ameondoka asubuhi. Kabla hajaondoka nimemwomba radhi, mbele ya watu wale wale niliomsema mbele yao. Alisema, "Hapana shida, Mama," na akaniuliza, kwa kutaka kujua kweli, wingi wa "ukuta" ni nini. Nilimwambia. Akaliandika kwenye mkono kwa kalamu.

Jumatatu 24 Novemba

Kasha limefungwa ukutani kwa boliti nne, si chumbani kwetu, bali kwenye ujia kati ya ukumbi na chumba, ambapo hakuna anayelifikia bila kuonekana. Risasi zimo ndani ya kisanduku chake chini. Ufunguo wa kisanduku hicho yuko nao Kabir. (Nasahihisha: uko kwa Kabir. Kwa hiyo na mimi sasa nakosea.) Kila Jumatatu tunafungua kasha pamoja, Nurmohamed na mimi. Anaifuta bunduki kwa kitambaa chenye mafuta, anaangalia kutu, anairudisha. Ninatia ufunguo wangu baada ya wake. Mikono yetu hugusana kidogo pale mlangoni, na siku hizi mikono yetu haigusani mara nyingi.

Ijumaa 28 Novemba

Mvua usiku kucha, kwa maelezo ya Elias. Sisi tulilala.

Jumanne 9 Desemba

Mawe tena. Saa tisa na dakika kumi.

Nilikuwa nashona. Nilisikia viti vikisukumwa, kisha mlio wa ufunguo wake ukizunguka katika tundu la juu. Nilikwenda kwenye ujia. Alikuwa ameshika mpini kwa mikono yote miwili.

"Nargis, wamefika. Lete wako."

Nilikuwa nao mkononi. Sikuuficha, niliunyanyua auone.

"Ninao," nikasema. "Sikupi."

Hajawahi kunitazama hivyo. Alinitukana, kwa Kigujarati cha mama yake, lugha ambayo hakuitumia tangu mama yake alipofariki. Aliuvuta mpini mpaka ukuta ukatoa vumbi, lakini kasha halikusogea hata unywele. Nilisimama pale pale. Nilimwambia tena, kwa sauti ya kushinda mabati, "Ninao, Nurmohamed. Nauona na wewe unauona. Sikupi."

Elias alikuwa amesimama nyuma yangu.  

Mwishowe Nurmohamed alichoka, akateleza mpaka sakafuni, mgongo wake ukiegemea kasha. Nilikaa kando yake. Goti langu baya lilinisumbua, lakini nilikaa. Chuma kilikuwa baridi. Mawe yaligeuka kuwa maji, maji yakawa manyunyu.

"Hawakuja?" akauliza.

"Hawakuja."

"Ulikuwa nao ufunguo?"

"Nilikuwa nao."

"Na hukunipa."

"Sikukupa."

 Akasema, "Vizuri," kama mteja aliyeridhika na bidhaa, akaniomba nimsaidie kusimama. Hatukuweza, kwa kuwa na mimi sikuweza. Elias alituinua mmoja baada ya mwingine.

Jumatano 10 Desemba

Jua. Nimeanika nguo zote.

Jumapili 28 Desemba

Ameniita kwa jina la dada yake mara tatu leo. Mara ya tatu niliitika.

Jumatatu 5 Januari

Leo ilikuwa siku yetu ya kufungua kasha. Nilichukua ufunguo wangu, nikamkuta amekaa barazani na koti lake la kwendea kukaguliwa kibali. Kichwa chake kilikuwa chepesi. Niliona hivyo machoni. Siku kama hizo zimekuwa chache.

"Usifungue," akasema. "Mwite Elias."

Elias alikuja, amevua kofia.

"Elias, mimi niliwahi kukuelekezea bunduki."

 Miezi minne nilidhani hakumbuki.

"Mzee, siku ile ilikuwa ni mvua tu," Elias akasema.

"Mvua haishiki bunduki."



Nurmohamed akatoa ufunguo mrefu mfukoni. Uliacha alama ya duara kwenye kitambaa, kwa kuwa tangu siku ile ulipofika aliurudisha humo humo kila baada ya kufungua. Aliutazama pande zote mbili, kama anavyotazama kila kitu kabla ya kukiuza, akamnyooshea Elias.

"Huu ulikuwa wangu. Mwingine anao Mwalimu, na ubaki kwake. Siku mtakapoamua bunduki iende polisi, mtafungua ninyi wawili, kwa amani, mkiniambia siku hiyo. Kabla ya hapo msiniambie."

"Mzee, utakuja kuuomba."

"Nitakuja. Nikikuomba, ninyime. Nikikutukana, ninyime. Nikilia, mwite Mwalimu."

Elias aliupokea kwa mikono miwili, akaufunga kwenye kamba ya shingoni, akavaa kofia yake na kurudi langoni.